Mbao ya mparachichi imetoka na mistari myeusi: imeoza au ni mali? Naomba ushauri

Seremala wa Tukuyu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko hapa Tukuyu. Mwaka jana jirani aliangusha mparachichi wa kienyeji uliokuwa umelalia paa lake, akaniachia magogo matatu kwa bei ya kuni. Nikayasukumia nyuma ya karakana chini ya migomba, nikayasahau. Mvua ya Rungwe mnaijua, iliyanyeshea msimu mzima.

Juzi nimepasua moja nikijua napata vibao vya kukalia tu. Ndani nimekuta mistari myeusi, myembamba kama ya kalamu ya wino, inazunguka na kukutana, katikati inaacha visiwa vyeupe. Ukiinua ubao juani unaona kabisa ramani ya mashamba. Nikatengeneza sinia, nikalipiga vanishi. Mteja wangu wa siku nyingi akalichukua, kesho yake asubuhi kalirudisha: "Fundi, umeniuzia mbao iliyooza." Nikampa hela yake. Hela haikuniuma, kilichoniuma ni kwamba sikuwa na la kumjibu.

Sasa wakuu, imeoza au haijaoza? Na hayo magogo mawili yaliyobaki niyafanyeje?

Mzee wa Randa

Kijana, hizo ni kuni. Sisi tumefundishwa mbao ikishapata ukungu inatoka karakana. Mnataka kutuuzia uozo kwa jina la urembo.

Kerezo la Mufindi

Kamwene wote. Mzee wangu heshima yako, ila hapa nakupinga kidogo.

Mteja wako hakukosea, Seremala, na wewe hukukosea. Mbao hiyo imeanza kuoza, ikakatwa kabla haijafika mwisho. Kuvu wameingia kwenye gogo, kila mmoja kajitwalia eneo lake. Wanapokutana, au unyevu ukiwabadilikia, wanajijengea ukuta. Huo ukuta ndio mstari mweusi unaouona, kama mpaka wa shamba na jirani mkorofi. Visiwa vyeupe ni pale ambapo kuvu wamekula ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, rangi ikapauka.

Uzuri na udhaifu vinatoka kwa kuvu hao hao, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Bonyeza ukucha kwenye sehemu nyeupe. Ukiacha alama ndogo kama kwenye mbao ya kawaida, endelea. Ukizama kama kwenye sabuni, hiyo imepitiliza. Gonga pia: nzima inalia, iliyoliwa inajibu kwa sauti ya boksi. Na ukikuta mbao imekuwa kahawia, inakatika vipande vya mraba mraba na kusagika mkononi, achana nayo. Huo ni uozo wa aina nyingine, haufai hata kibao cha chapati.

Seremala wa Tukuyu

Ndaga fijo mkuu. Nimejaribu sasa hivi: sehemu kubwa ukucha umegoma, ila pembeni kwenye ganda unazama. Hayo magogo mawili niyaache yaendelee kuchora, au niyapasue?

Kerezo la Mufindi

Pasua sasa. Kuvu wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Gogo lililozama bwawani halichori, na mbao ikikauka chini ya asilimia 20 ya unyevu wanalala. Hawafi wote lakini, ukiilowesha tena wanaamka. Kwa hiyo pasua, panga kivulini kwa vijiti kati ya ubao na ubao, upepo upite.

Huna kipimo cha unyevu? Chukua kipande kimoja, kipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa hewa ya hapo kwenu.

Siku nyingine ukitaka kutengeneza kwa makusudi, kata gogo bichi la mti mweupe. Mparachichi unafaa, mwembe unafaa sana. Mninga na mpingo usipoteze muda, kiini chake cha rangi nzito kinawashinda kuvu. Lisimamishe juu ya udongo wenye unyevu, lifunike na nailoni isiyobana, kila baada ya wiki chache kata kipande cha kwenye ncha uchungulie. Huku kwetu Mufindi mwezi wa sita na wa saba baridi inawapunguzia kasi, kazi inasonga kuanzia mvua zikirudi.

Binti Mbalizi

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Nilinunua mbao za paini za dari, zimekuja na michirizi ya bluu. Fundi ananiambia ni rangi ya mti. Kweli?

Dingdong Sao Hill

Dada, huyo fundi kakudanganya nusu. Hiyo bluu ni kuvu, lakini siyo yule wa mparachichi. Huyu wa bluu anakula sukari na wanga iliyo kwenye mbao ya nje, hagusi sana kuta za mbao yenyewe, kwa hiyo nguvu ya kubeba haipungui kwa kiasi cha kukutisha. Inatokea gogo likilala msituni muda mrefu baada ya kukatwa, au mbao mbichi zikabanwa bila vijiti na kufunikwa turubai safari nzima hadi Mbeya. Wapo mende wanaotoboa magome pia, wanambeba kutoka gogo hadi gogo.

Dari la kupaka rangi, weka. Ila bei ushushiwe! Na kagua kama kuna sehemu laini, maana unyevu uliomleta wa bluu unaweza kumkaribisha na mwingine.

Patasi Butu

Tuwe wakweli, kutumia mbao iliyochorwa na kuvu hakukuanza leo. Italia karne ya 15 mafundi walikuwa wanachora picha kwa kupachika vipande vya mbao za rangi tofauti, na rangi ya kijani waliipata kwenye mbao iliyoingiwa na kuvu anayeitwa Chlorociboria. Chumba kizima cha kazi hiyo kutoka Gubbio kiko leo makumbusho ya Metropolitan, New York. Mzee wa Randa, hizo nazo ni kuni?

Mzee wa Randa

Nimenyamaza. Ila vumbi lake mnamwambia kijana avute tu?

Kerezo la Mufindi

Hapo mzee umenena. Vaa barakoa ya maana, siyo kitambaa, hasa kama una pumu. Patasi iwe kali, la sivyo sehemu laini zinachanika. Msasa uzungushie kipande cha mbao. Ukipiga kwa vidole, nyeupe inaliwa haraka kuliko mistari na sinia linakuwa na mawimbi. Palipo laini kidogo dondoshea supa gluu nyepesi, ifyonzwe, ikauke, ndipo upige msasa. Fanyia nje, moshi wake unachoma macho. Mafuta yataifanya nyeupe iwe njano, bora vanishi ya maji.

Mama Mezani

Mimi niongee kama mteja. Ningeambiwa kabla kwamba mistari hii imechorwa na kuvu, mbao imekaushwa na imekaguliwa, ningenunua mawili. Kugundua mwenyewe jikoni ndiyo shida.

Seremala wa Tukuyu

Wakuu, marejesho. Kipande changu nimekipima kwa mizani ya muuza nyama jirani: wiki ya kwanza kilo 2.4, leo 2.1, bado kinashuka. Jamaa ananiuliza kama nimefungua bucha ya maparachichi.

Gogo la pili limetoka zuri kuliko la kwanza, nimelipanga kwa vijiti na sitaligusa hadi mizani isimame. La tatu lilikuwa limelala kwenye tope, kidole kiliingia hadi pingili ya pili. Nimempa mama watoto akapikie maharage. Kaja kulalamika halishiki moto, linatoa moshi tu.