Harusi ya Zena (Ukoo Wote)

ALHAMISI

Da Rehema 19:02
Assalam aleikum. Harusi keshokutwa. Kile kinanda cha kwenye kompyuta kimeamua kulia vipi? Jana ukumbini Mjomba Bakari kakaza nyuzi za fidla mpaka mmoja umekatika.

Da Rehema 19:40
Mmesoma 23. Aliyejibu hayupo.

Salim 20:15
Waaleikum salam. Hapa nyumbani kiko sawa da, nimekijaribu mara tatu.

Da Rehema 20:15
Harusi haifanyiki kwako.

Mwanahawa 20:17
Basi ukumbi una jini 😂

Chande 20:18
Nalo lipewe kadi

Da Rehema 20:18
Chande, gari la viti umepata? Kama bado, nyamaza.

Salim 20:34
Nimelikamata. Wimbo wa kumwingiza bi harusi ni dakika 5 kamili. Kwenye rekodi ya jana ya Zuhura ni dakika 4 na sekunde 35. Yaani umepanda na umekimbia, vyote pamoja. Programu inatoa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, mikisa ya ukumbini, ile mashine ya kuchanganya sauti, inazila 48,000. Kama kanda kwenye redio yenye mota ya mbio.

Chande 20:35
Afadhali, pilau haitapoa

Da Rehema 20:36
Salim, fidla ikazwe au isikazwe?

Salim 20:38
Isikazwe! Sauti ya kompyuta ndiyo imepanda, semitoni moja na nusu hivi, yaani hatua ya kitufe kimoja na nusu. Akodiani ya Omari haitaipata hata ahame funguo, maana imeangukia katikati ya vitufe viwili. Naiweka programu nayo 48,000.

Mjomba Bakari 21:20
Uzi wangu nani ataulipa. Na kinanda cha marehemu hakikuwa na sampuli. Kilikwenda wapi?

Chande 21:21
Ujumbe huu umefutwa

Da Rehema 21:22
Mjomba nakuomba, hilo si la leo.

Mjomba Bakari 21:24
Sijataja mtu.

Bibi 21:41
🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

Mwanahawa 21:46
Kwa wasio na bando. Bibi anasema: "Mimi nilichezewa harusi yangu kwa fidla, si kwa umeme. Jumamosi Bakari atoe sauti ya kwanza, hiyo kompyuta imfuate. Ikishindwa, ikae kimya. Na aliyekitoa kinanda cha babu yenu aje kwangu mwenyewe, asingoje nimwite."

Da Rehema 22:30
Tumesikia Bibi, shikamoo. Kesho saa kumi jioni ukumbini: Salim, Mjomba, Omari.

Salim 22:48
Kesho niko zamu mpaka saa kumi na mbili. Nimeshabadilisha, ila sasa inakwaruza. Bafa (akiba ya sauti kwenye kompyuta) niliiacha sampuli 64, nitajaribu 512.

Da Rehema 22:49
Utajaribu lini?

IJUMAA

Zuhura 06:12
Ndo naamka. Jamani ile rekodi niliibonyeza wimbo umeshaanza 🙈

Da Rehema 06:13
Salim???