Kishoka (fundi umeme asiye na leseni) kanitolea breka ya ampia 16 kaniwekea ya 32, nyumba nusura iungue na watoto ndani!!

Wakuu naandika na hasira mnivumilie. Nimepanga Ilazo hapa Dodoma, nyumba haina hata miaka miwili, tailsi zinang'aa, jipsam ya maua, kodi ya miezi sita nimetoa kwa mkupuo. Baridi ya mji huu mwezi wa saba mnaijua, na ule upepo, bila maji ya moto huogi. Sasa bafuni kuna hita ile ya papo kwa papo, wati 5,500, kila nikiwasha breka inakata. Nikampigia mwenye nyumba akanitumia fundi "wake".

Jamaa kaja na testa na pulaizi basi. Dakika kumi kwenye DB (boksi la breka) kamaliza, "bosi hiyo haikati tena". Na kweli haikukata! Mimi bwege nikampa elfu kumi na soda juu.

Ikaanza harufu usiku, kama plastiki inaungua, nikawa nalaumu jirani anachoma taka. Mpaka juzi binti yangu analia bafuni, "baba maji yanauma". Nikajua yamechemka sana, nikaweka mkono, ganzi mpaka kwenye kiwiko. Maji yana umeme jamani!!

Nikakimbilia meini swichi nikazima, asubuhi nikatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Kapanda darini kashuka anatikisa kichwa. Breka ya 16 imetolewa ikawekwa ya 32, waya umebaki ule ule mwembamba wa taa, wa milimita za mraba 1.5. Gawanya 5,500 kwa 230 unapata kama ampia 24, waya wa taa unabebaje huo mzigo? Ile breka ilikuwa inakata kuulinda waya, kishoka kaona yenyewe ndio mbovu! Ganda la waya limeiva likanatia kwenye mbao, ukiligusa linabanduka kama ganda la harage lililochemka.

Tukaenda nje kuangalia ethi, ile njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Wakuu, waya wa kijani na njano umeshuka vizuri ukutani halafu umefungwa kwenye kipande cha nondo urefu wa rula, fundi kakivuta kwa vidole viwili kikatoka. Udongo wenyewe mkavu kama unga, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, ndio maana rodi ya ethi inatakiwa izame chini kabisa. Breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, haipo, nyumba nzima.

Nampigia mwenye nyumba eti "kijana wangu, waliokaa kabla yako hawakulalamika". Nikamwambia mzee, wangekufa ndio wangelalamika? Akakata simu.

Sasa hivi tunaoga maji ya ndoo, nachemsha kwa mkaa, kwenye nyumba ya laki tatu kwa mwezi. Miezi minne imebaki. Aliyewahi kudai kodi irudi kwa kesi kama hii alianzia wapi, serikali ya mtaa au mahakamani moja kwa moja? Picha za waya ninazo.