Kaka amepotea miaka minane, mama hataki twende mahakamani. Naomba ushauri

Ndugu zangu, kaka yangu alitoka nyumbani Likoni mwaka 2017, akaaga anavuka feri kwenda kazini. Hakurudi. Tuliandikisha ripoti polisi, tukazunguka hospitali na mochari. Makaburi ya wafuasi wa mhubiri Mackenzie msituni Shakahola, Kilifi, yalipofukuliwa 2023, mamia ya maiti, nikaenda Malindi kutoa sampuli ya DNA. Mpaka leo sijapata jibu.

Mama bado anamwekea sahani ya wali, anaifunika kwa kawa. Asubuhi anaifunua mwenyewe, anawapa kuku. Hatujasoma hitima, hatujakaa matanga. Ukifiwa angalau una kaburi la kwenda kuzuru.

Sasa shemeji amekwama. Shamba na akaunti ya benki viko kwa jina la mumewe, na watoto wanadaiwa karo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangepaswa kupata habari zake, huchukuliwa amekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Nimemgusia mama, akaniuliza, "Mwanangu, unataka kumzika nduguyo kwa karatasi?" Nilishindwa kujibu.

Aliyepitia haya, mlianzia kwa Kadhi au Mahakama Kuu? Na mzazi mlimwambiaje?