Timu yetu imeshushwa daraja mezani: hela za TV zimeua mpira wa vyuo huku Marekani

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "fupisha mkuu" piteni tu, hakuna ugomvi. Na mods, tafadhali msiuunganishe na ule wa NBA. Naongelea mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, tena wa vyuo.

Nilisoma Washington State. Chuo kiko Pullman, kamji ka watu elfu thelathini na ushee katikati ya mashamba ya ngano, saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Spokane. Jumamosi ya mechi ndiyo sikukuu ya pale, nyingine hakuna. Nilifika sijui hata kwa nini wanasimama kila baada ya sekunde tano. Msimu wa pili tukifungwa nalala bila kula. Mliorithi Simba au Yanga kutoka kwa baba mnanielewa.

Sasa kwenye soka letu, ukishuka daraja ni kwa sababu umefungwa. Umecheza msimu mzima, umeokota pointi za kuungaunga, mwisho msimamo wa ligi unakuhukumu, unalia, unaenda. Sisi hakuna aliyetufunga tukashuka. Tumeshushwa mezani, na waliokaa kwenye hiyo meza ni watu wa televisheni.

Niwaeleze ilivyo. Vyuo vya Marekani havichezi ligi moja. Vimejigawa kwenye makundi yanayoitwa konferensi, kila konferensi inauza haki zake za matangazo, halafu vyuo vyake vinagawana mzigo. Ya kwetu ilikuwa Pac-12, ya pwani ya magharibi, mizizi yake ni ya mwaka 1915. California, Oregon, Washington, Arizona, na baadaye Utah na Colorado. Watani wa jadi walikuwa majirani kweli, watu wa harusi moja na msiba mmoja.

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakatangaza wanahamia konferensi ya Big Ten. Big Ten ni ya kina Ohio State na Michigan, na hadi Rutgers ya New Jersey imo. Yaani vijana wa Los Angeles wavuke bara zima, kutoka bahari hii hadi ile, kwa mechi ya konferensi yao! Agosti hiyohiyo Big Ten wakasaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Hapo kila mtu akaelewa kilichowakimbiza.

Sisi tuliobaki tukaambiwa tulieni, kamishna George Kliavkoff anatafuta mkataba. Tukatulia mwaka mzima kama mabwege. Big 12, konferensi nyingine, ambao nao walikuwa wamenyang'anywa Texas na Oklahoma na SEC (konferensi ya kusini), hawakulala: Oktoba 2022 wakakubaliana na ESPN na Fox dola bilioni 2.28 kwa miaka 6. Walituruka foleni mchana kweupe. Sisi tulikuja kuletewa ofa ya Apple, ambayo ukubwa wa mapato ungetegemea ni watu wangapi watalipia kifurushi. Kifurushi, wakuu! Chuo cha miaka zaidi ya mia kinapangiwa bajeti na watu watakaojisikia kulipia kifurushi mwezi huo.

Colorado wakasepa mwishoni mwa Julai 2023. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti, siku moja tu, Oregon na Washington (chuo cha Seattle, si sisi Washington State) wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba ikawa zamu ya Stanford na California (chuo cha Berkeley) kuingia konferensi ya ACC. Hiyo A ya kwanza ni Atlantiki. Stanford! Ukipanda kilima cha pale karibu unaiona Pasifiki!

Tukabaki wawili, sisi na Oregon State. Wakatubatiza Pac-2 na kucheka.

Na waliokimbia msidhani wote wameenda kula bata. Oregon na Washington wameingia Big Ten kwa mgao wa nusunusu. Stanford na California wanapewa asilimia 30 ya mgao wa ACC kwa miaka saba ya mwanzo. SMU ya Dallas ndiyo imenichosha kabisa, imekubali kukaa miaka tisa bila kupokea hela za TV za konferensi ili tu iingie. Matajiri wao wa mafuta watajazia. Ukiona mtu anakubali kufanya kazi miaka tisa bila mshahara, ujue huko nje kuna njaa anayoiogopa zaidi.

Hili halikuanza jana. Zamani NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ndicho kilichouza TV ya mpira, na chuo hakikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara sita ndani ya miaka miwili. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani kwamba hiyo ni kuhodhi soko. Tarehe 27 Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Mmoja wa wale wawili waliokataa alikuwa Byron White, na huyo aliwahi kuucheza mpira huu hadi kwa kulipwa. Majaji wengine walisoma sheria ya ushindani, yeye aliona uwanja. Tangu siku hiyo kila mtu anauza chake, na mwenye soko kubwa ndiye mwenye sauti.

Halafu angalia NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huu, ambao hawafichi kuwa ni biashara. Tangu 1961 kuna sheria inayoruhusu timu za kulipwa kuuza matangazo kwa pamoja, na hela za TV za kitaifa wanagawana sawasawa. Ndiyo maana Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin, una timu inayotoana jasho na za New York. Wafanyabiashara wanagawana sawa, na vyuo vinavyofundisha maadili darasani vinanyang'anyana. Anayeona hiyo ni sawa aje anielimishe taratibu.

Mtasema hela ni hela, uwanjani ni kumi na moja kwa kumi na moja. Sikilizeni. Msimu wa 2017 UCF ya Florida haikufungwa mechi hata moja. Ikakataliwa kwenye mchujo wa timu nne wa kusaka bingwa wa taifa, kisa inatoka konferensi ndogo. Tarehe 1 Januari 2018 ikaipiga Auburn 34 kwa 27. Auburn hiyohiyo, msimu huohuo, ilikuwa imeshazifunga Alabama na Georgia, na Alabama na Georgia ndio waliocheza fainali! Ukidhani ni mkosi wa wadogo peke yao, 2023 Florida State wakamaliza na ushindi 13 bila kichapo, mabingwa wa ACC, wakaachwa nje na Alabama yenye kichapo kimoja ikaingizwa. Sababu iliyotolewa: kwarteriba wao (yule anayeongoza mashambulizi) Jordan Travis kaumia mguu. Tangu lini ukiumia unanyimwa nafasi uliyoishinda uwanjani?

Sasa mchujo ni wa timu 12 na wengine wanashangilia. Someni mkataba. Kuanzia 2026 ESPN wanalipa wastani wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Big Ten na SEC kila mmoja anachukua karibu asilimia 29. Zile konferensi tano ndogo, zote zikiwekwa kapu moja, zinapata karibu 9. Mgao wenyewe haungoji matokeo, umeshaandikwa. Na wenye neno la mwisho kuhusu mfumo wa mchujo ni haohao wakubwa wawili. Mchezaji, mwamuzi na mweka hazina ni mtu mmoja.

Na kuanzia Julai 2025 kuna kesi ya mwanamichezo aitwaye House iliyomalizwa kwa makubaliano: kila chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake, mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5. Kuwalipa vijana mimi naunga mkono asilimia mia, wamenyonywa vya kutosha. Lakini "kinaruhusiwa" ni neno la mwenye nazo. Sisi tumegeuka kituo cha malezi. Kwarteriba Cam Ward alitoka kwetu akaenda Miami, na 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa NFL. John Mateer aliyemrithi akang'ara msimu mmoja, Oklahoma wakamchukua. Kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest. Aliyemrithi, Jimmy Rogers, alikaa msimu mmoja, Iowa State wakambeba. Jezi ninayonunua sasa haina jina mgongoni, maana jina litakuwa limehama kabla sijaifua mara ya tatu.

Haya, na sisi tusijifanye malaika. Enzi za kamishna Larry Scott, kabla ya Kliavkoff, wakubwa wetu walianzisha chaneli yao wenyewe, 2012, wakashindwa kuelewana na DirecTV, kampuni kubwa ya TV za dishi, na nusu ya mashabiki wakawa wanaisikia kwa majirani. Huo mzigo wa kukosa hela tuliubeba mpaka siku ya mwisho. Tulipoachwa wawili tukaenda mahakama ya Whitman, kaunti ya Pullman, tukashinda, tukabaki na jina na hela zilizokuwa kwenye akiba. Sawa, haki yetu. Tulichofanya baada ya hapo? 2024 tukaenda kwa Mountain West, konferensi ya jirani, waliotusitiri kwa kutupa mechi za kucheza, tukawachomolea Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State. Halafu tukawafungulia kesi kupinga faini za kuwachukulia vyuo! Aliyeibiwa kuku anaruka ukuta wa jirani. Nimewatetea Pac-12 kwenye mabaa mengi lakini hapo nilinyamaza.

Kwa nini nawaletea ninyi haya? Kwa sababu ya Henry Rono. Vijana wa siku hizi hawamjui. Mkenya, mwanafunzi wa Washington State, 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliiweka Berkeley, ya kuruka viunzi na maji Seattle, ya 10,000 Vienna, ya 3,000 Oslo. Mbili za kwanza ni viwanja vya pwani ileile, kwa wapinzani wa konferensi yake. Mwaka mmoja kabla yake Samson Kimobwa, Mkenya na yeye, kijana wa Pullman vilevile, alikuwa ameivunja ya 10,000. Riadha ya vyuo haijilipii, inalipiwa na tiketi na TV za mpira. Kwa hiyo televisheni ikizima, wa kwanza kukosa hela ya basi ni mrusha tufe. Juni 2025 chuo kikatangaza kinafuta mkuki, tufe, kisahani na miruko yote, na mbio fupi kinazipunguza. Wamebakiza mbio ndefu. Nilisoma ile taarifa nikiwa kwenye maegesho ya kazini, nikakaa ndani ya gari dakika kumi. Rono alifariki Februari 2024, hakuiona.

Kuna atakayesema humu, "mkuu, kama ninyi ni wazuri si mshinde?" Tulishinda. Septemba 2024, Seattle, Apple Cup, ile mechi ya watani wa jadi, dhidi ya Washington aliyetukimbia. Sisi wa Pac-2, wao wa Big Ten. Walifika mlangoni kabisa mwishoni, jaribio la nne na la mwisho, tukawazuia. 24 kwa 19. Mwanangu wa miaka sita alirushwa juu mpaka akalia.

Mwaka uliofuata wakaja Pullman. Kwarteriba wetu yuko Oklahoma, kocha yuko Wake Forest, wao wana miezi kumi na miwili ya hela za Big Ten. 59 kwa 24, nyumbani kwetu. Dogo aliniuliza kwenye gari Mateer yuko wapi, nikaongeza sauti ya redio.

Naingia zamu ya usiku, hoja nitazijibu kesho. Wa kashfa msihangaike, sisomi.