Kwaya ya abiria kwenye meli za kitalii: kama hamna nia nayo, iondoeni kwenye ratiba

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimeshuka melini juzi, koo bado linanikwaruza, lakini kinachoniuma si koo. Kinachoniuma ni jinsi watu wazima waliolipa nauli yao kamili walivyoitwa kuimba, wakaitika kwa moyo mweupe, kisha wakachezewa.

Kwa ambao hawajakutana na jambo hili: meli nyingi za kitalii, hasa kwenye safari ndefu, huunda kwaya ya abiria. Hakuna usaili, wala hakuna anayekuuliza kama uliwahi kuimba. Unasoma tangazo kwenye ratiba ya siku, unakwenda ukumbini, unakaa na wenzako. Mazoezi huwa siku ambazo meli iko baharini kutwa, kwa sababu ikifika bandarini kila mtu anashuka kutembea. Safari ikikaribia kuisha, kwaya inaimba mbele ya abiria wengine. Ni kazi ya kujitolea, halipwi mtu. Wazo lenyewe nalipenda sana, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Safari yetu ilikuwa ya kuvuka Atlantiki, kutoka Florida kwenda Mediterania. Meli nyingi zinazozunguka Karibi majira ya baridi huhamishiwa Ulaya mwezi Aprili na Mei, na katika uhamisho huo abiria wanaweza kukaa karibu wiki nzima bila kuona nchi kavu. Kwaya itake nini zaidi? Muda upo, watu wapo, na wengi wao wameimba tangu utotoni. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Alikuwepo mzee mmoja wa besi, ile sauti nzito ya chini ya kiume, ambaye alitaja jina lake tu na safu nzima ya mbele ikageuka kumtazama. Akina mama wa alto, sauti ya chini ya kike, walikuwa wameshajipanga wenyewe kabla hata ya kuambiwa. Yaani mali ilikuwepo pale.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Tuligawiwa karatasi zenye maneno matupu. Nota hakuna, si za mistari wala za do-re-mi. Sauti nne hazikupangwa. Soprano (sauti ya juu ya kike), alto, tenor (sauti ya juu ya kiume) na besi wote tukaambiwa tuimbe sauti moja, kila mtu anavyoujua wimbo. Huo si uimbaji wa kwaya, huo ni umati unaofuata redio.

Na muziki ulitoka kwenye spika, umerekodiwa. Hapa naomba wasioimba wanielewe, maana wengi wanaona ni jambo dogo. Wimbo uliorekodiwa umewekwa kwenye ufunguo, yaani kimo cha sauti, wa koo la mtu mmoja, yule aliyeurekodi. Nyimbo mbili kati ya tatu tulizopewa zilikuwa zimeimbwa na wanaume wa sauti ya juu kabisa. Besi wakijaribu kufika kule juu wananyongwa, wakishuka oktava moja, yaani kutoka do mpaka do ya chini yake, wanazama. Soprano wakiimba palepale, beti zote zinapotelea chini hazisikiki, wakipanda oktava ni mayowe. Mpiga kinanda wa kawaida angeshusha toni mbili, tungeendelea. Tena mpiga kinanda anamsubiri aliyechelewa kuingia, anarudia mstari mmoja mpaka ukae. Sisi kila tulipokosea katikati, wimbo ulirudishwa mwanzo. Kiitikio cha kwanza tulikijua mpaka tukakichoka, na mwisho wa wimbo hatukuujua mpaka siku ya kuimba.

Na msidhani meli haikuwa na wapiga kinanda. Kila jioni walikuwa baa, wanapiga vizuri mno. Nilimfuata mmoja nikamwomba saa moja tu kwa siku. Akasema yeye yuko radhi, ila anayempangia kazi hajamwandikia kwaya. Nikaenda ofisi ya burudani, nikaambiwa mambo ya saa za kupumzika za mabaharia. Sheria hiyo naifahamu na naiunga mkono: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Ni haki yao. Lakini mbona yule kijana aliyepewa kutuongoza alikuja kwetu akitoka kufundisha dansi, na tukimaliza anakimbilia kuendesha chemsha bongo? Mapumziko yake hayakumshughulisha mtu. Yeye simlaumu hata kidogo. Alitabasamu, aliomba radhi kila siku kwa makosa yasiyo yake, na alisema wazi kwamba hajawahi kuongoza kwaya. Aliyempanga pale ndiye ninayemlaumu.

Hoja nyingine niliyopewa ni hakimiliki, eti nota hazitolewi fotokopi ovyo. Sawa, sheria ni sheria. Ila huko Ulaya ulinzi wa wimbo unaisha miaka 70 baada ya mtunzi kufariki. Kuna hazina ya nyimbo za zamani, nzuri, zenye sauti nne, ambazo hakuna mtu duniani atakayekudai senti ukizitoa nakala mia moja. Kama hamtaki kununua nakala za nyimbo mpya, chagueni hizo. Hawakuchagua hizo kwa sababu hakuna aliyekaa chini kufikiria, basi.

Nije kwenye saa, na hapa ndipo nilipotaka kupasuka. Florida na sehemu kubwa ya Mediterania zinapishana saa 6. Ukielekea mashariki, meli husogeza saa mbele, moja moja, mpaka tofauti iishe. Meli yetu ilikuwa inasogeza mchana badala ya usiku ili watu wasipunjwe usingizi. Uamuzi mzuri. Saa sita kamili mchana inatangazwa kuwa saa saba kamili. Mazoezi ya kwaya yalipangwa saa ngapi? Saa sita mchana mpaka saa saba.

Rudia kusoma hapo juu kama hujaelewa. Siku zinazosogezwa saa, muda wetu wa mazoezi haukuwepo duniani. Ulichapishwa kwenye ratiba, ukaletwa mpaka mlangoni, na haukuwepo. Siku ya kwanza ya kusogezwa saa tulifika, tukasimama mlangoni na karatasi zetu, ndani watu wa kipindi cha saa saba wameshaanza kupanga viti. Tukalalamika. Tukaahidiwa kutafutiwa muda mwingine. Muda mwingine ukapatikana, nao ukachukuliwa na mnada wa picha za kuchorwa, kwa sababu mnada unaingiza hela na sisi hatuingizi. Hayo hatukuambiwa hivyo, lakini kila tulipogongana na kitu kinachouzwa, tuliohamishwa ni sisi.

Watu wakaanza kupungua. Tenor, ambao siku zote ni adimu, wakabaki wachache mno. Yule mzee wa besi aliendelea kuja. Baadhi yetu tukajitafutia kona kwenye sitaha ya juu, nyuma, upepo unapeperusha karatasi, mama mmoja wa alto akawa anatoa sauti kwa mdomo, "do... mi... so," na akawapangia wenzake sauti ya pili kwa kichwa chake bila nota yoyote. Ile nusu saa ya upepo ilitufundisha kuliko mazoezi yote ya ukumbini. Hapo ndipo utajua kilichokosekana hakikuwa kipaji.

Siku ya kuimba tulipangwa kwenye ngazi za ukumbi mkubwa wa katikati ya meli. Kapeti chini, baa pembeni, mashine ya kusagia barafu inanguruma wakati wa ubeti wa pili. Huwezi kumsikia aliyesimama hatua mbili kutoka kwako. Spika zilielekezwa kwa watazamaji, kwa hiyo sisi waimbaji tulikuwa tunabahatisha muziki umefika wapi. Pamoja na hayo wimbo wa kwanza ulipokelewa vizuri, wa pili vizuri zaidi, watu walisimama. Wimbo wa tatu ndio yule mama wa alto alikuwa na solo, sehemu ya kuimba peke yake. Ameshika karatasi, ameshavuta pumzi. Mtu wa burudani akaingia na maiki akatushukuru sana, akawaomba watu watupigie makofi, akatangaza kwamba bingo inaanza hapohapo baada ya dakika tano.

Tukateremshwa ngazini. Yule mama hakusema neno, alikunja karatasi yake akaiweka kwenye mkoba. Mumewe ndiye aliyekwenda kuuliza, akajibiwa kwamba muda umebana.

Jioni yake picha zetu zilikuwa zimetundikwa zinauzwa. Kwaya nzima, pamoja na yule mama, na bei chini yake. Kwa kuuza picha muda haukubana.

Najua wapo watakaosema ni burudani tu, kwa nini unachukulia kwa uzito. Nachukulia kwa uzito kwa sababu kuna watu walioweka siku zao za mapumziko pale, na mtu mwenye miaka themanini hana safari nyingi kama hizo mbele yake. Ukimwita mtu aimbe, mpe nafasi ya kuimba. Tunachotaka ni kidogo: saa moja isiyoguswa siku za baharini, mtu mmoja anayejua kuongoza, kinanda kimoja chenye mpigaji, nota, na ukumbi usio na mashine ya barafu. Kinanda kipo tayari na mpigaji yupo tayari. Kama hata hivyo ni vizito, futeni neno kwaya kwenye matangazo yenu, msituuzie safari kwa kitu msichokitaka.

Malalamiko rasmi nimeshayatuma kwa maandishi, na ratiba zote nimezihifadhi pamoja na ile ya siku ya saa sita. Jibu nililopata hadi sasa ni la kompyuta, linanishukuru kwa maoni yangu.

Waliowahi kuimba kwenye kwaya za namna hii naomba mseme. Kuna meli mliyoikuta ina mwalimu wa kwaya wa kweli na nota mkononi? Na kabla ya kulipa nauli mliuliza nini, mkamuuliza nani? Kuna wenzangu watatu wa alto wanataka kusafiri tena mwakani na hawataki kurudi pale.