Nimepewa 3 kati ya 20 kwa kumtetea Ibn Sina, yule mwanafalsafa wa Kiislamu. Hii slaidi kaitoa wapi?

Wakuu, leo asubuhi nimerudishiwa karatasi ya falsafa ya zama za kati na mpaka sasa hasira hazijashuka. Swali: Ibn Sina alisemaje kuhusu Mungu kukijua kitu kimoja kimoja? Jibu analotaka mhadhiri limo kwenye slaidi yake: "Alikana. Mungu hajui mambo madogo." Basi! Mimi niliyejaza kurasa mbili nimeandikiwa kwa wino mwekundu "umetoka nje ya mada".

Mada ipi? Ibn Sina mwenyewe kaandika kwamba hata kilicho na uzito wa chembe hakimpiti Mungu. Anakijua, ila kwa njia ya jumla, kupitia sababu zake. Mfano ni kupatwa kwa jua. Leo unasema "litapatwa", kesho "linapatwa", keshokutwa "lilipatwa". Anayeng'ang'ania "linapatwa" wakati mwanga umesharudi, huyo hajui kitu. Sasa elimu ikienda na saa, mwenye elimu naye atabadilika, na Mungu habadiliki. Ugomvi wote uko hapo, na slaidi imeuruka.

Ghazali naye, mwanateolojia aliyempinga, kwenye Tahafut al-Falasifa (kitabu chake cha kuwabomoa wanafalsafa) ya 1095, hakuishia kuwakufurisha. Alijibu hoja: mtu aliye kuliani kwako akipita mbele akaenda kushoto, aliyehama ni yeye, wewe umekaa palepale. Elimu ni ileile moja, kinachogeuka ni uhusiano. (Kwangu jibu hili ni zuri kuliko linavyosifiwa.) Baadaye Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, akaja kusema elimu ya Mungu inapimwa kwa kipimo cha binadamu: elimu yetu inatokana na vitu, ya Mungu ndiyo inayovileta.

Kwa kuwa ugomvi ni wa wakati, nikaongeza na wanazuoni wa Ulaya walioandika Kilatini karne ya 12, wale walioitwa Nominales, waliosema "Kristo atazaliwa" na "Kristo alizaliwa" ni jambo moja linalosemwa, -ta- na -li- ni nguo tu. Kwa hiyo Abrahamu, aliyeishi kabla ya Kristo, na Mkristo wa baadaye wameamini kitu kimoja. Hapo kwenye karatasi kuna alama ya kuuliza kubwa kama embe.

Nimemfuata mhadhiri ofisini. "Kijana, andika nilichofundisha." Rufaa nayo nilipie!

Mwenye Tahafut yenye Kiarabu na tafsiri ubavuni, naomba picha ya suala la 13, ndilo lenye ugomvi huu. Jumatatu naiweka mezani kwake.