Neno Lililokatwa kwa Wino

Mama Tumaini: Shikamoo Mama, shikamoo Shemeji Yona, nanyi nyote nawasalimu. Naomba mnivumilie kwa ujumbe mrefu, maana jambo lenyewe siwezi kulisema kwa ufupi. Jumamosi ijayo unatimia mwaka mmoja tangu Baba Tumaini atutoke, na kuhusu ibada ya kumbukumbu tulikwisha kukubaliana. Juzi nimepokea barua ya kijana aliyemgonga. Ameiandika akiwa gerezani, na aliyeileta ni mama yake mzazi. Alisimama nje ya mlango, nikamkaribisha akakataa kuingia, akanikabidhi barua kwa mikono miwili, kisha akauliza kama angeruhusiwa kuja kwenye ibada na kukaa nyuma kabisa bila kusema neno. Nilimjibu kwamba nitazungumza na familia. Ila sitaki kuwaficha: moyoni mwangu nimekwisha kumkubalia.

Rehema: Wifi, nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara mikono inatetemeka. Mwanawe alilewa, akashika usukani, akamgonga kaka yangu aliyekuwa akitembea pembeni mwa barabara, kisha akakimbia na kumwacha pale. Sisi ndio tuliomtafuta hadi alfajiri. Mimi ndiye niliyemtambua. Leo unaniambia kwamba tutakaa chumba kimoja na mama wa mtu huyo, tukiimba nyimbo zilezile? Nakupenda na nakuheshimu, lakini kwa hili siwezi kukubaliana nawe.

Kaka Yona: Rehema mdogo wangu, hasira yako ni haki yako, na katika kikundi hiki hakuna atakayekuambia uifiche. Hata hivyo naomba tusiamue kabla ya kusikiliza. Shemeji, mwezi wa pili baada ya mazishi wewe ndiye uliyetukataza hata kulitaja jina la kijana huyo mbele yako. Tueleze umefikaje hapa.

Mama Tumaini: Ni kweli, Shemeji, na sijasahau. Barua yenyewe ni fupi, haijazi ukurasa. Katika mstari wa tatu ameandika "tangu ile ajali itokee", halafu amelikata neno "ajali" kwa mstari mmoja wa wino, na juu yake ameandika kwa herufi ndogo "kosa langu". Hakuchukua karatasi nyingine ili barua ipendeze. Ameliacha neno lile pale chini ya wino, linasomeka. Mnakumbuka mahakamani kila mtu aliita ajali: wakili wake aliita hivyo, na hata waliokuja kunifariji, kwa nia njema kabisa, walisema ajali haina kinga. Neno hilo lilikuwa likinichoma kuliko matusi, kwa sababu ajali haina mwenyewe, na jambo lisilo na mwenyewe humsamehe nani? Usiku ule niliposoma mstari wa tatu, kwa mara ya kwanza niliona kuna mtu amesimama upande wa pili, amekubali kwamba ni yeye. Sikulia kwa furaha wala sikusikia amani ya ghafla. Nilichosikia ni kwamba sasa ninaye wa kumsamehe, kama Mungu atanipa nguvu.

Daudi: Shikamooni wakubwa zangu. Mama Mdogo, pole sana, na asante kwa kutueleza. Ruhusuni niseme habari moja ambayo imekuwa ikinirudia tangu msiba huu. Azim Khamisa ni Mwislamu aliyezaliwa Kenya, akahamia Marekani. Mwezi Januari mwaka 1995, katika jiji la San Diego, mwanawe Tariq, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20, alipigwa risasi alipokuwa akipeleka piza. Aliyempiga alikuwa mvulana wa miaka 14, Tony Hicks, aliyeamriwa na vijana wenzake wa genge. Mzee Khamisa alisema kwamba bunduki ile ilikuwa na waathiriwa pande zote mbili. Mwaka uleule alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe ya kuwafundisha watoto kuepuka ukatili, na akamwalika babu wa Tony, Ples Felix, aliyekuwa amemlea mvulana yule, washirikiane. Wazee hao wawili wamesimama pamoja mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi: mmoja alimpoteza mwana, mwingine alimpoteza mjukuu kwa gereza.

Rehema: Daudi mwanangu, najua una nia njema. Lakini habari za namna hii huniumiza, kwa sababu husimuliwa kana kwamba mtu alilala na msiba akaamka na msamaha. Hatuambiwi kuhusu usiku. Mimi tangu siku ile silali usingizi wa kushiba, kisha napewa mifano ya watu ambao wanaonekana hawakuwahi kukasirika. Mtu mwenye kidonda akionyeshwa ngozi ya mwenzake iliyopona, atafaidika na nini?

Daudi: Shangazi, umesema kweli, nami nilifupisha mahali pasipofupika. Mzee Khamisa mwenyewe ameeleza kwamba baada ya kupata habari alijiona kama ametoka nje ya mwili wake, na kwamba alikaa muda mrefu bila hamu ya kuishi. Na ingawa aliamua mapema kusamehe, ilimchukua miaka mitano hadi kukaa na Tony uso kwa uso gerezani. Miaka mitano, Shangazi. Nadhani hiyo ndiyo sehemu niliyopaswa kuanza nayo.

Rehema: Hiyo naielewa zaidi. Lakini kuna jambo jingine ambalo sitaki lipitwe. Tukimkaribisha mama yake leo, kesho tutaombwa tuandike barua ya kumwombea mwanawe apunguziwe kifungo. Msamaha wa namna hiyo ni kumdhulumu marehemu mara ya pili.

Kaka Yona: Hapo, mdogo wangu, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtakumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili alivyopigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Mwezi Desemba mwaka 1983 alimtembelea gerezani, wakakaa kwenye viti viwili wakizungumza kwa sauti ya chini. Lakini mlango wa gereza haukufunguliwa siku hiyo. Mehmet Ali Ağca aliendelea kutumikia kifungo nchini Italia hadi mwaka 2000, rais wa nchi hiyo alipomsamehe kwa mamlaka yake. Moyo una mlango wake na sheria ina mlango wake, na anayefungua mmoja hajalazimika kufungua wa pili. Kijana huyu atamaliza kifungo chake. Hakuna aliyetuomba barua, na ikiombwa, mimi kama mkubwa wenu nitajibu kwamba hukumu si mali yetu.

Mama Tumaini: Wifi, nami naomba ulisikie hili kutoka kwangu. Sijamwombea apunguziwe hata siku moja. Katika barua yake hakuomba, na angeomba nadhani ningeirudisha.

Tena usifikiri kwamba hasira imenitoka. Unakumbuka marehemu alivyokuwa akizifunika daftari za Tumaini mwenyewe, jioni ya kabla ya kufungua shule, amekaa sakafuni na mkasi na karatasi ya kaki, akikunja pembe kama anafunga zawadi. Daftari la hesabu limejaa mwezi uliopita. Mwalimu ameagiza jipya, nimelinunua, na Tumaini amekataa lifunikwe na mtu yeyote. Analibeba hivyohivyo, halina jalada, pembe zimeanza kujikunja. Kila nikiliona juu ya meza hasira hunipanda upya, mbichi kabisa, na siku hiyo hunibidi nianze kusamehe tena kutoka mwanzo kana kwamba sikuwahi kuanza. Nilikuwa nikisikia kanisani ile samehe saba mara sabini, nikidhani ni makosa mengi ya mtu mmoja. Sasa naona kwamba kosa moja peke yake laweza kuhitaji kusamehewa mara zote hizo.

Rehema: Sikujua habari za daftari.

Mama Tumaini: Sikumwambia mtu. Na kuna jingine ambalo sikumwambia mtu isipokuwa mchungaji. Kwa miezi mingi, tukisali Baba Yetu, nilikuwa nikifika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, nanyamaza, kisha najiunga tena na wenzangu mbele. Niliona ni afadhali ninyamaze kuliko nimdanganye Mungu nikiwa nimefumba macho. Nilipomweleza mchungaji, nilitarajia anikemee. Aliniambia kwamba hata kunyamaza kule kulikuwa sala, kwa kuwa nilijua ninanyamaza mbele ya nani, na akanisihi nisiruhusu mtu yeyote anihimize, hata yeye.

Rehema: Wifi, mimi hunyamaza hapohapo. Jumapili iliyopita tulisimama benchi moja, na nilidhani ni mimi peke yangu katika kanisa zima.

Kaka Yona: Mungu awatie nguvu nyote wawili. Nami nikiri kwamba mimi huyasema maneno hayo kila siku bila kuyasikia, na leo nimeyasikia.

Kuna habari moja ninayotaka kuiongeza, kwa sababu inamhusu mama, si muuaji. Tarehe 2 Oktoba 2006, mahali panapoitwa Nickel Mines katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwanamume mmoja aliingia na silaha katika shule ya chumba kimoja ya jamii ya Waamishi, Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, akawapiga risasi wasichana kumi, watano wakafa, naye akajiua. Siku ileile baadhi ya Waamishi walikwenda kwa familia ya muuaji kuwapa pole, na siku ya mazishi yake walikuwapo makaburini. Hayo yalitangazwa dunia nzima. Yaliyotangazwa kidogo ni kwamba mama mzazi wa mtu yule alikuja kumtembelea kila juma mmoja wa wasichana waliojeruhiwa vibaya, asiyeweza kutembea wala kusema, akimwogesha na kumsomea. Wazazi wa mtoto walimfungulia mlango. Nimejiuliza mara nyingi ni nani kati yao aliyekuwa na safari ngumu zaidi, aliyebisha hodi au aliyefungua, na bado sina jibu. Wazazi wale hawakuacha kulia, na baadhi walieleza waziwazi kwamba iliwabidi kupambana na hasira siku kwa siku, kama Shemeji anavyotueleza hapa.

Daudi: Baba, nami nimekumbuka kwamba shule yenyewe waliibomoa baada ya siku chache tu, wakajenga nyingine karibu na pale. Kwa hiyo kusamehe hakukuwalazimisha kuwarudisha watoto katika chumba kilekile.

Mama Tumaini: Asante, Daudi. Hilo nitalitunza. Kuna barabara ambayo mpaka leo sipiti, na nilikuwa naona haya.

Rehema: Hata mimi sipiti. Tusione haya.

Mama yuko hapa pembeni yangu, nimekuwa nikimsomea tangu mwanzo. Ameniambia niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nisiongeze wala nisipunguze.

Rehema (kwa niaba ya Mama): Wanangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi ndiye niliyemzaa, na kama mnataka kujua ukweli, mimi bado sijasamehe. Kila alfajiri naamka nikiomba, na siombi kusamehe, maana hapo bado sijafika. Naomba Mungu anipe kutaka kusamehe. Mkinisikia nimefika mtajua, sitaficha. Lakini yule mama si yeye aliyeshika usukani. Amekwenda kwa miguu yake mpaka mlango wa mkwe wangu, akijua anaweza kufukuzwa kwa maneno ambayo angeyabeba maisha yake yote. Mimi nikienda makaburini, watu hunishika mkono. Yeye akienda gerezani, ni nani humshika? Aje. Asikae nyuma kabisa kama mwizi, apewe kiti kama wageni wengine. Ila asiletwe mbele yangu kuniomba chochote, na mtu asiniambie nimkumbatie. Nikitaka kusimama nitasimama mwenyewe. Na mkwe wangu, mwambie Tumaini aje na daftari lake, anionyeshe.

Mama Tumaini: Nimekusikia, Mama. Nitamleta.

Kaka Yona: Tumesikia, Mama, na itakuwa hivyo. Mimi nitampigia yule mama kesho asubuhi na kumweleza saa ya ibada. Nitamwambia pia kwamba hakutakuwa na hotuba wala sala ya upatanisho mbele ya watu, wala jina la mwanawe halitatajwa. Nitazungumza na mchungaji ili ajue hivyo, asije akavutwa na hali akataka kuwasimamisha watu wapeane mikono. Rehema, wewe hujasema neno lako la mwisho, na sitaki ukimya wako uchukuliwe kuwa ndiyo.

Rehema: Kaka, nimeshindwa kuandika kwa muda kwa sababu nilikuwa nikiitazama ile picha ya barua ambayo Wifi amenitumia pembeni. Nimekuza mpaka neno moja limejaa kioo chote cha simu. Ni kweli amelikata mara moja tu, na wino umepenya karatasi mahali alipokandamiza kalamu.

Nitakuja. Nitasoma somo nililopangiwa, na sitamzuia mtu kuingia. Lakini sijasamehe, na Jumamosi sitajifanya nimesamehe. Tukifika kwenye Baba Yetu huenda nikanyamaza tena, na naomba asiwepo wa kunigeukia.

Mama Tumaini: Nitasimama kando yako, Wifi. Ukinyamaza nitakusubiri.

Rehema: Na kiti cha yule mama kiwe karibu na mlango, ili akizidiwa apate pa kutokea. Mimi siku ya mazishi nilikosa pa kutokea.

Kaka Yona: Nitakiweka mwenyewe.